Mchanga wa Chini ya Kiti

Mi naitwa Mama Djamila. Nauza kahawa mbele ya gare ya Kolwezi, pale treni inaposimama, na kile kiti kirefu cha mbao ni changu, hata kama wateja wangu wanaume wanakikalia utafikiri wamekirithi kwa babu. Machicha ya kahawa wanayamwaga hapohapo chini, kila siku, nimegomba hadi nimechoka. Asubuhi ile Kalombo alifika amebeba sufuria kubwa kichwani, ameigeuza kama kofia. Kalombo anayeyusha aluminium kuukuu na kuimwaga ndani ya umbo la mchanga nyuma ya nyumba yake, inatoka sufuria. Aliposimama, jua likampiga usoni kupitia kwenye sufuria. Matundu matupu! Na sufuria hiyo ni ya mama mukwe wake, Mama Mushiya, anakuja na treni ya Lubudi siku hiyohiyo. Kwetu mukwe hata usoni humwangalii, sasa utampa chujio?

— Bandugu, mchanga njo unaniua, Kalombo akasema; kwetu njo ni ndio. Ulikuwa na maji mingi. Aluminium ya moto ikaanguka mule ikachemka: pwa-pwa-pwa! Ule mama atarudisha bibi yangu, binti yake, Lubudi!

Musafiri, dereva wa lori, tunamwita Kilometa, akaweka kikombe chini.

— Kamata mchanga ya Nzilo. Kule kwenye barrage, lile bwawa, njo kunatokaka umeme. Mchanga yake nayo imeshiba umeme. Unamwaga chuma, inajikaza yenyewe.

— Na mama mukwe akiishika? nikauliza.

— Atavaa kandambili.

Kazadi akacheka kwa dharau. Huyu tunamwita Injeniere, kwa sababu zamani aliosha gari ya injeniere.

— Mchanga inaombaka udongo kidogo, ishikamane. Donc, basi, kichuguu. Mais, lakini kichuguu ya muchwa bazima! Usiku bakiona tundu, banaziba.

— Banaziba aluminium? nikauliza.

— Muchwa habachaguake kazi.

— Na mchanga ya katikati, yenye inafanya tumbo ya sufuria? Kilometa akauliza.

— Pale unaweka malkia yabo.

— Munacheka! Kalombo akalia. Mi nitalala na nani?

Injeniere aliona haya kidogo. Akainama, akachota mchanga chini ya kiti, akaufinya. Ukashikamana, alama za vidole zikabaki. Akauvunja, ukakatika safi. Kalombo akamnyang'anya.

— Tata weee! Laini, iko na udongo, na bubichi, maji kidogo tu! Njo hii!

— Ni machicha yangu, akasema Injeniere.

— Uongo! Ni sukari yangu njo imeshikamanisha, akasema Kilometa.

Ikawa vita ya nani alimwaga zaidi. Kila mmoja akaagiza kahawa, hakunywa, akaimwaga chini kuonyesha. Birika likakauka. Halafu wakaning'olea kiti wapate kuchimba vizuri, na mguu wake ukavunjika kwi! Niliwatukana mpaka sauti ikakwama. Walikuwa wanajaza gunia tu.

Treni ikapiga honi. Kalombo akaruka nyuma ya gunia, akageukia ukuta wa gare.

Mama Mushiya akafika polepole, mzigo kichwani, miguu imevimba.

— Yambo yenu, batoto. Nitaikala wapi?

Kiti kilikuwa kimelala na miguu mitatu. Basi Kilometa, mtu wa heshima sana, akageuza ile sufuria ya matundu chini juu, akatandika kitambaa changu, akamkalisha.

— Aksanti. Muko na kahawa?

— Imeisha, mama, nikasema. Imenywewa na mchanga.

Hakuelewa, akacheka tu. Akapumua, akanyoosha miguu, akamwona mukwe wake mgongo. Akageuza uso pembeni, kama inavyotakiwa.

— Kalombo, mwanangu, sufuria yangu iko wapi?

Injeniere akaangalia mbinguni. Kilometa akakumbuka lori lake. Kalombo akaingiza kichwa ndani ya gunia. Na mimi nikatazama chini yake. Alikuwa ameikalia.