Akiror na Mihogo Iliyopauka

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Akiror, binti wa mji wa Amagoro, mtafiti wa mimea. Tumemzika Jumamosi. Akiror, mtafiti wa mimea.

Kazi yake ilikuwa ndani ya jani. Jani la kijani lina vyumba vidogo mno, kloroplasti, na humo mwanga wa jua hugeuzwa kuwa chakula cha mmea. Ndani yake kuna tando nyembamba, zimepangwa kama chapati juu ya chapati. Tando hizo hujengwa kwa mafuta, na kinachotengeneza mafuta hayo ni kimeng'enya, kichocheo kidogo kilicho ndani ya jani. Kimeng'enya kikilegea, tando husambaratika. Jani hupauka. Mmea hushinda njaa juani.

Akiror alipata mihogo ya namna hiyo. Wakati wa joto ilipauka. Alitaka kujua jambo moja tu: mvua zikileta ubaridi, kimeng'enya kitaamka? Akaipanda kwenye shamba la marehemu baba yao, kando ya barabara ya Malaba. Hakuwa na mingine. Kisha akaenda Kampala, kwenye maabara yenye hadubini ya kuziona tando hizo. Mihogo akamwachia Emong, mdogo wake, waliyenyonya naye ziwa moja.

Kila Jumapili alipiga simu.

"Emong, majani yakoje?"

"Yako poa, dada. Tangu mvua ianze, yanarudi kijani."

"Si unitumie picha?"

"Kamera ya simu imekufa. We niamini tu."

Alimwamini. Akasimama mbele ya watafiti wenzake akatangaza kwamba kimeng'enya kimeamka. Wakampigia makofi.

Akarudi nyumbani bila kusema, na shati jipya la Emong mkobani. Hakuliona shamba. Aliona murram, changarawe nyekundu ya barabarani, imeshindiliwa, na trela zimejipanga, dereva mmoja akichemsha chai kando ya gurudumu. Emong alikuwa amekodisha shamba liwe maegesho ya malori, kabla hata mvua hazijaanza. Mihogo iling'olewa yote.

Mama yao, Mama Adeke, alikuwepo. "Akiror hakupiga kelele," alituambia. "Aliuliza tu, 'Emong, hiyo kijani ulikuwa unaiona wapi?' Emong akaangalia chini. Akasema, 'Nilitaka ufurahi, dada.'"

Wasikilizaji, shamba pekee angelililia yakaisha. Lakini uongo wa ndugu yake ulikuwa umetoka kinywani mwake yeye, mbele za watu. Akarudi Kampala, akasimama pale pale. "Nilichowaambia si kweli. Sikukiona kwa macho yangu." Jina la Emong hakulitaja. Utafiti ukafungwa, na swali lake halijajibiwa hadi leo.

Baadaye alifundisha chuoni, Busia. Krismasi alimpakulia Emong chakula kama wengine. Ila hakumuuliza tena swali lolote. Hata kumuuliza tu kama mvua imenyesha.

"Angenitukana, ningepumua," Emong alituambia. "Alikuwa ananisalimia tu. Mpaka ugonjwa ukamchukua, ananisalimia tu."

Mama Adeke, Emong, na ukoo mzima, poleni sana. Mungu awashike mkono katika siku hizi nzito.

Nasi tuliobaki, tujiulize: yuko nani mbali huko anayeona kwa macho yetu? Mpigie leo. Mwambie kilichopo shambani. Na kama hakuna kitu, mwambie hakuna.