Askari wa Mzee Evaristi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mzee wetu Evaristi Niyibizi, ambaye alizaliwa Busunzu, Kibondo, tarehe 3 Machi 1927, akasoma hadi darasa la nne, akaenda Tanga kukata mkonge, na aliporudi, tarehe 9 Oktoba 1954, alifunga ndoa na mama Theodosia, wakajaliwa watoto watano, kitinda mimba akiwa Kezia.

Mwaka 1974 alihamia Kitanga, Kasulu, akawa kamanda wa mgambo, na wengi mnakumbuka alivyoongoza vijana kumkamata mwizi wa kuku kwa mzee Nestori, mwizi akatorokea migombani, lakini mgambo, kwa bidii ya kazi, wakaendelea kupekua mpaka jiko la Nestori likaanguka.

Mapenzi yake kwa pombe ya ndizi hatuwezi kuyaficha, kwani waliozoea kuchomeka mirija yao kando ya mrija wake wameketi hapa mbele.

Mei 1977 macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, Kezia akaacha darasa la sita ili amuuguze, na mwalimu mkuu akaahidi kumtunzia nafasi hadi Januari 1979. Daktari alieleza kwamba ndani ya damu mna chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili, pombe ikiumiza ini askari hao huja mbio kulilinda, lakini wakiitwa kila siku huishia kulibomoa wenyewe, na mama Theodosia akasema hiyo ni habari ya jiko la Nestori.

Marehemu alifarijika, akasema kama ni askari basi anawaweza, na kila jioni alisimama wima mbele ya chungu, akapiga filimbi, akawaamuru watawanyike, kisha akainamia mrija.

Kezia akamwambia, "Baba, wewe unawatawanya, chungu kinawaita tena."

Mzee alimnunia siku tatu, na ya nne, tarehe 2 Februari 1978, aliuvunja mrija, akamkabidhi Kezia filimbi.

Aliacha kweli, ila ini lilikwisha kubaki kuta chache, akafariki tarehe 20 Agosti 1978, akiwa ameagiza Kezia arudi shule, na chungu kitumike msibani, kwa hiyo mnaonong'ona mkiuliza kilichomo, ni maji.

Tunamshukuru daktari, majirani, mgambo wenzake, na mzee Nestori, aliyeleta kuku wawili na hakutaja jiko. Kezia ataripoti shuleni Jumatatu, tarehe 8 Januari, filimbi ikiwa mfukoni.

Baba, pumzika kwa amani, na askari wako, kwa kuwa hakuna anayewaita tena, watawanyike.