Moshi wa Jikoni Kwake

Sabato njema, ndugu zangu. Asanteni kwa wimbo, ingawa wale wa sauti ya tatu mlitutoroka kwenye ubeti wa mwisho. Nimeombwa niseme jinsi nilivyosimama na rafiki yangu alipokuwa kifungoni, tangu siku ya hukumu. Sitataja jina la mtu. Anayejua anajua, na asiyejua asimguse jirani yake kumuuliza. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa, ila amekataa kuja. Alisema nikisimulia akiwa hapa atanikatiza kila sentensi.

Nyumbani watoto wangu huniita redio, kwa sababu siruki jambo. Basi nitakwenda kwa mpangilio. Niliyoyaona nitasema niliyaona, na niliyoambiwa nitasema niliambiwa.

Sisi wawili tulizaliwa Magwagwa, tukachota maji chemchemi moja. Mimi niliolewa kwanza, huku upande wa Masimba. Nilipojifungua alikuja kunisaidia kazi, na kijana wa boma la jirani, ndugu wa mume wangu, akamwona akichambua mboga uani kwangu. Ndivyo alivyopata mume. Migomba yake na yangu ikawa inatenganishwa na njia ya miguu tu. Siku za soko tulipeleka ndizi Daraja Mbili pamoja, na mdomo wa biashara ulikuwa wake. Mnunuzi akilalamika kwamba ndizi ni fupi, yeye anamjibu, "Kwani mama unataka kula, au unataka kupimia kitambaa?" Watu wanacheka, ndizi zinaisha.

Kisha mumewe akaugua, akafa, tukamzika pale kando ya nyumba. Alimwachia mabinti wawili na kipande cha shamba. Haukupita muda, baba mdogo wa marehemu akaanza kusogeza mpaka. Kila msimu wa kulima jembe lake lilikula tuta moja upande wa mjane.

Hapa niwaeleze wageni wetu ambao si wa huku. Kwa Abagusii, baba mdogo wa mumeo ni baba mkwe wako kamili, na kati yenu kuna adabu tunayoiita chinsoni. Haingii nyumbani mwako. Akikaribia mahali ulipo, anakohoa akiwa mbali ili ujitengeneze. Maneno ya mwili na ya kitanda hayapiti kati yenu hata kidogo. Na wewe mkamwana huwezi kuyatamka mbele yake, wala mbele ya ndugu zake, hata kama ni yeye aliyeanza kuyasema.

Asubuhi moja nilikuwa nachuma saga, ile mboga yetu chungu, shambani kwangu. Nilimwona mzee, huyo baba mdogo wa marehemu, akiingia kwenye migomba ya rafiki yangu bila kukohoa. Rafiki yangu alikuwa analima. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mpaka uko kule." Mzee akamjibu. Nilisikia kila neno, na sitayarudia kanisani. Inatosha mjue kwamba alitaja kitanda cha marehemu, na akataja ni nani anafaa kulala hapo ili mpaka urudi mahali pake.

Rafiki yangu alimpiga kwa mpini wa jembe. Sitaficha hilo. Mkono wa mzee ulivunjika, na mpaka leo hauinui kikombe vizuri.

Kortini alikubali kosa. Hakimu akamuuliza kama ana la kusema kabla ya kuhukumiwa. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikamwona akigeuza shingo kidogo. Benchi la mbele alikaa mzee, mkono ukiwa kwenye plasta, na ndugu zake wote wa rika moja, makofia magotini. Rafiki yangu akainamisha kichwa. "Sina," akasema. Karani akamuuliza tena kwa Ekegusii, akidhani hakuelewa. Alikuwa ameelewa vizuri sana. Akajibu vilevile.

Hakimu akaagiza afisa wa probesheni aje kijijini kuuliza habari zake kabla ya hukumu. Alikuja kijana mpole, viatu vimejaa matope. Kosa ni kwamba wazee walimpokea na kumwekea kiti uani kwa yule yule mzee, wao wakakaa kumzunguka. Sisi wake wa boma tuliitwa mmoja mmoja kusimama mbele yao.

"Mama, wewe ulikuwa karibu," akaniuliza. "Kuna jambo lililomchokoza?"

"Alikasirishwa."

"Na nini?"

"Maneno."

"Maneno gani?"

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mume wangu alikuwa anatazama ardhi. Mzee mmoja akatabasamu, akasema, "Sema, mkamwana. Mwambie mgeni wetu." Alijua siwezi. Wote walijua siwezi. Kijana wa watu akangoja, akaona hakuna kitu, akamwita anayefuata.

Alifungwa miaka mitatu. Hakimu alisema mshtakiwa hakuonyesha majuto, na kwa yale aliyoletewa, angesema nini kingine? Askari jela walipomshika mkono, rafiki yangu alinitafuta kwa macho. Nilidhani atanikabidhi watoto, lakini watoto tulikuwa tumeshawapeleka Magwagwa kwa nyanya yao. Alisema, "Moto wangu usizimike."

Ndugu zangu, nilielewa. Kwenye kilima chetu, nyumba isiyotoa moshi imeshakufa. Kwanza watu wanafunga ng'ombe uani. Halafu wanavuna migomba. Mwishowe mlango unang'olewa kwa sababu, wanasema, mbao zinaoza bure. Wiki ileile nilikuta ng'ombe wa mzee amefungwa mbele ya mlango wake. Nilimfungua, nikampeleka kwao, nikawaambia watoto wa pale, "Huyu amepotea njia." Jioni nikawasha moto jikoni kwa rafiki yangu. Sikuwa na cha kupika. Nilichemsha maji, nikakaa hapo mpaka moshi upite juu ya mapaa na waliokusudiwa kuuona wauone.

Basi nikawa nafanya hivyo kila jioni. Mume wangu akaniuliza, "Unampikia nani kule?"

"Naipikia nyumba."

"Yule mzee ni baba yangu mdogo pia. Wananiambia mke wangu yuko upande wa pili."

"Upande wa pili wa nini?"

Akachukua shoka, akatoka. Namheshimu kwa jambo moja: hakunikataza. Lakini nilijua maneno anayomezeshwa na wazee huko nje. Nikikutana na wazee njiani, napisha, nainama, nasalimu, na hawaitiki. Daraja Mbili nako, wenzangu walianza. "Umerudi kutoka kwa mashemeji wa jela? Chai ya huko ina sukari?" Nikawaambia ina sukari kuliko midomo yao. Walicheka, lakini hakuna aliyesogeza gunia lake karibu na langu.

Na nilipokwenda gerezani, ndugu zangu, sikupata nafuu huko. Unaacha simu langoni. Unatoa kitambulisho. Sabuni yako inakatwa vipande kuona kama umeficha kitu. Chakula cha nyumbani hakiingii. Mnaongea kupitia wavu, huku wageni wengine wanapiga kelele kulia na kushoto, na kabla hujamaliza kuuliza hali, muda umekwisha. Mara ya kwanza rafiki yangu alisogeza uso kwenye wavu, akafumba macho.

"Umechuma saga leo," akasema. "Na unanuka moshi."

"Ni moshi wako," nikamwambia.

Tangu hapo sikuwahi kubadilisha nguo kabla ya kwenda kumwona. Nilikwenda na leso ileile ya jikoni. Watu walinitazama kama mtu asiye na nguo nyingine. Yeye ananusa, anacheka kidogo, ananiuliza habari za migomba na mabinti. Habari za shauri lake hatukugusa. Nilimwomba niandike yale maneno, niyapeleke kortini. Akasema, "Yasomwe mbele yao? Nirudi kuishi wapi baada ya hapo?" Alikuwa amefungwa huko ndani, mimi nimefungwa huku nje, na kilichotufunga kilikuwa adabu tuliyofundishwa na mama zetu.

Kisha siku moja nilifika, nikangoja, askari jela akarudi peke yake. Huyo askari ni mama mmoja mnene, si wa huku, aliyekuwa amezoea sura yangu. "Amekataa kutoka," akasema. Nikaenda tena wakati mwingine, akakataa tena. Mara ya tatu yule mama akaniletea ujumbe. "Anasema uzime moto. Anasema shamba wachukue tu, akitoka ataenda anakojua."

Nawaambia, nilirudi nyumbani nikiwa sina hamu hata ya kuvua viatu. Njia yangu inapita kwa Magokoro, nyanya wa kilima chetu. Yeye ndiye mama mzazi wa mzee aliyeumizwa. Hana meno, hatembei, anashinda jikoni anachoma ndizi. Akaniona nikipita kichwa chini.

"Wewe mke mwenzangu!" akaita. Kwa sababu kwetu nyanya humwita mjukuu wake mume, na mke wa mjukuu ni mke mwenza, wa kutaniwa. "Mume wetu amekunyima nini jana? Mbona uso umekunjamana kama tumbo langu? Ingia, nikufundishe."

Na hapo nikasimama. Ndugu zangu, miezi yote ile nilikuwa nimepita mlango huo! Magokoro alikuwa ametutania sisi wake wa wajukuu tangu tuolewe, mambo ambayo mkiyasikia hapa mtatoka mbio, na sisi tunamjibu. Kati ya nyanya na wajukuu hakuna chinsoni. Kwake ninaweza kusema chochote. Na mwanawe ni yule mzee.

Niliingia, nikakaa chini, nikamwambia. Nilimwambia maneno yenyewe, moja baada ya jingine, kama yalivyosemwa kwenye migomba. Aliacha kumumunya ndizi yake.

"Mimi waliniambia msichana alipata wazimu wa ujane," akasema. "Rudia."

Nikarudia.

"Kitanda cha mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Magokoro."

"Kwa kinywa hicho hicho nilichokinyonyesha?" Akaitupa ndizi kwenye majivu. "Niinue."

Tulimshika mimi na jirani mmoja, tukamfikisha uani kwa mwanawe. Ndugu zake walikuwapo. Sisi tulirudi nyuma mpaka kwenye ua, kama inavyotupasa. Magokoro akamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliye hai anayemwita kwalo, na akayasema yale maneno kwa sauti, yote, kisha akamuuliza mwanawe kama mama ameyarudia sawasawa au amekosea mahali. Mama aliyemwogesha mtu akiwa mchanga ana haki ya kusema lolote mbele yake.

Mzee alikaa chini. Ndugu zake wakachukua makofia, wakaondoka mmoja mmoja, na yule aliyetabasamu siku ile ndiye aliyetangulia.

Haikuwa miujiza. Mlango wa gereza haukufunguka usiku ule. Nilimpelekea rafiki yangu ujumbe kupitia yule mama askari: "Moto bado unawaka, na Magokoro amesema." Akatoka, akaja kwenye wavu. Alikuwa amekonda, akaweka tu vidole kwenye wavu, nami nikaweka vyangu. Halafu tukangoja. Yule mama askari ndiye aliyetueleza kwamba jaji hupitia vifungo vya watu upya, na namna ya kuomba. Tukaomba, tukangoja tena, na kungoja huko kulikuwa kurefu kuliko kesi yenyewe.

Hatimaye kijana wa probesheni akarudi, na viatu vyake vya matope. Safari hii alikaa kwenye kigoda jikoni kwa Magokoro, na moshi ukamliza machozi. Nyanya akamwambia yote. Kisha kijana akaenda kwa mzee. Niliambiwa na kijana mwenyewe kwamba mzee alisema maneno mawili tu: "Niliyasema. Arudi."

Akarudi. Muda uliobaki anautumikia kwa kifungo cha nje, anafagia zahanati. Sitawadanganya kwamba yuko huru. Hawezi kulala nje ya kijiji bila ruhusa. Hajarudi Daraja Mbili, anasema mdomo wa kujibu wanunuzi bado haujatoka gerezani. Lakini mabinti wako nyumbani, na moto anauwasha mwenyewe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama askari, aliyebeba maneno yetu wakati haikuwa kazi yake. Namshukuru mume wangu: jioni nyingi nilikuta kuni zimepasuliwa na kuwekwa pale njiani, na kwetu hakuna mwingine mwenye shoka. Namshukuru Magokoro, ambaye amekataa kushukuriwa. Anasema nimletee ndizi.

Mkiwa na mtu kifungoni, nendeni kumwona hata akikataa kutoka. Lindeni kitu chake kimoja, hata kiwe kidogo. Na msiichukie adabu yetu. Adabu ile ile iliyotuziba midomo ilikuwa imetuachia nyanya, ila mimi nilichelewa kumwona.

Namalizia na la juzi. Tulikuwa tunalima, yeye kwake, mimi kwangu. Tukasikia mtu anakohoa. Mzee alikuwa amesimama njiani, kando ya mpaka wa zamani, jembe kwenye mkono mzima. Hakukanyaga tuta. Rafiki yangu aliweka jembe chini, akajipangusa mikono, akafunga leso yake upya taratibu. Akamwacha angoje. Mzee akakohoa tena.

"Pita, baba," rafiki yangu akasema.