Unga Uliowaka Bila Kiberiti

Siku hiyo Chupa alifika kijiweni mapema, akakaa kwenye benchi la mbele ya kinyozi, akapewa kahawa yake asiiguse. Kazi yake ni kuosha vyombo vya kioo kwenye maabara wanakotengeneza unga mweusi wa platini, chembe ndogo hata jicho halizioni, za kuwekwa ndani ya mitambo inayogeuza haidrojeni kuwa umeme. Uso ulikuwa umemsawijika.

— Umewaka wenyewe, alisema. Namimina spiriti tu, moto huo.

— Bila kiberiti?

Kinyozi alitoka na mashine mkononi, mteja kamwacha ndani kanyolewa upande mmoja.

— Bila kiberiti.

Akaeleza kwa sauti iliyokauka. Vyombo huwa anavisuuza kwa spiriti ili vikauke haraka. Leo akakuta sinia lina unga, akadhani ni masizi, akalimwagia kama vingine. Kumbe unga ule mkavu sharti ulowe maji kwanza. Chembe zake zikikutana na mvuke wa spiriti na hewa, zinapata moto zenyewe. Daktari wa maabara, binti wa umri wa mwanawe, alirukia sinia akauzima moto kwa viganja vitupu, maana ule ulikuwa unga wake wa mwaka mzima.

— Mimi nimeganda tu, alisema Chupa.

Profesa, fundi redio ambaye hajawahi kukosa jibu, alisema platini imezoea gesi, ikiona spiriti inadhani mwenzake karudi. Kinyozi akasema basi kijiko kimoja kingewasha taa za mtaa mzima. Profesa akaona kijiko ni kingi mno: ukipaka kidogo tu kwenye redio mbovu, itasoma habari za kesho. Kinyozi akataka unga wa kutia kwenye mashine yake, inyoe bila umeme. Wakabishana mpaka birika likawa jepesi.

Ndipo yule mteja akatokea mlangoni, shuka shingoni, nusu kichwa kina nywele.

— Samahani, wazee wangu. Huyo binti mikono yake ikoje?

Profesa alikohoa. Kinyozi akaizima mashine.

Chupa aliingiza mkono mfukoni, akatoa glavu zake nene za kuoshea, hazina hata doa. Alikuwa amezivaa muda wote moto ukiwaka.

— Sikuuliza, alisema. Nilitoka mbio nikaja huku.

Akakiacha kikombe pale kwenye benchi, kimejaa vilevile, akarudi alikotoka.