Mwavita wa Kufulia, Bingwa wa Dame

Bi Mwavita Ramazani anastaafu tarehe 30 Aprili 1999, baada ya miaka ishirini na saba katika chumba cha kufulia cha hoteli yetu. Alifika Gisenyi mwaka 1972 kutoka Ujiji, Tanzania, akimfuata mumewe, dereva wa lori. Mume alifariki mwaka wa tatu. Mwavita alibaki na pasi ya mkaa, Kinyarwanda cha kubabaisha, na chumba kimoja nyuma ya hoteli, ambacho ni cha mfanyakazi, si cha mstaafu.

Shuka zake zina sifa yake. Mimi Verediane wa mapokezi nimewahi kuombwa blanketi na mgeni aliyetaka kulala sakafuni, asije akaharibu kitanda kilichonyooka hivyo.

Lakini mji unamjua kwa dame, mchezo ambao kwao huitwa drafti. Madereva walikuwa wakisubiri wageni huku wakicheza kwa vizibo vya bia chini ya dirisha lake, naye akipiga pasi na kuguna kila walipokosea. Mchezo huo alifundishwa na baba yake, fundi cherehani. Huku hakuna aliyemkaribisha: mwanamke, tena mgeni! Mwaka 1994 alivuka mpaka kwenda Goma, akarudi miongoni mwa wa kwanza, akafua mapazia ziwani kwa mikono kwa kuwa umeme haukuwepo. Tulipoteza wenzetu tisa, na bado inauma. Wachezaji walikuwa wamebaki wawili watatu. Ndipo alipoambiwa aketi.

Mwaka 1996 alifika fainali ya mashindano ya wafanyakazi wa mji, dhidi ya Anastase, dereva wa mizigo ya mpakani. Katikati ya mchezo akasahau kula kete ya Anastase iliyokuwa wazi. Kwao Ujiji mwenzako hukukumbusha, ukarudi ukala. Anastase aliinama, akaipuliza ile kete ya Mwavita iliyopaswa kula, akaitoa ubaoni.

"Mama, huku ukisahau kula, tunapuliza. Ni vile iko."

Mwavita alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani, na alishindwa.

Mwaka 1997 hakuna aliyecheza. Usalama ulikuwa mdogo, hata kufika Nyundo, hapo jirani tu, ilikuwa kazi. Mashindano yalirudi Desemba 1998, zawadi ikiwa mabati arobaini. Wengine waliyataka, yeye aliyahitaji. Alikuwa amesimamisha kuta za vyumba viwili Nengo, mtaa wa hapa hapa mjini, zinanyeshewa tu, na kustaafu kulibakiza miezi minne. Bila paa angelazimika kurudi Ujiji, ambako wazazi wamekufa na ndugu wametawanyika. Nilimwombea, na siwezi kusema niliomba kwa utulivu.

Fainali ikawa na Anastase tena. Safari hii Mwavita aliacha kula mbele ya macho yetu wote. Tukashika vichwa. Mukasine wa jikoni alitoka nje asione. Anastase akapuliza kete kwa furaha, akacheza zamu yake haraka haraka. Kumbe kete iliyopulizwa ndiyo iliyokuwa imemzibia Mwavita njia! Ilipoondoka, kete yake nyingine ikala tatu kwa mpigo, na mchezo ukaisha muda mfupi baadaye.

"Bon," alisema Anastase akimpa mkono, "mama ametufundisha muchezo yetu."

Januari, Anastase huyo huyo alikuwa juu ya kuta za Nengo, misumari mdomoni, akipigilia mabati. Kazi yake si mbaya, ingawa Mwavita alimrudisha juu mara mbili.

Mama Mwavita, asante kwa shuka, kwa kuguna kwako dirishani, na kwa kurudi wakati ule ambapo kurudi kulihitaji moyo. Tutakukosa sana.

Fomu ya kuondoka kazini ina mstari unaomuuliza mfanyakazi wa kigeni anarejea wapi. Wiki iliyopita nilimpelekea kalamu, nikijua wengi husita hapo. Yeye hakusita. Aliandika: Nengo, nyumbani.

Tunakutakia afya na heri huko huko, Mama.