Florentin Kitenge Amundala na Kibao Alichomwahidi Dada Yake

Marehemu Florentin Kitenge Amundala alizaliwa Kailo tarehe 4 Juni 1966, mtoto wa kwanza wa Mzee Gérard Amundala na Mama Mwayuma, ambao wote wawili wametangulia. Miaka sita baadaye akazaliwa mdogo wake, Germaine. Germaine alipokuwa na umri wa miaka mitatu, homa ya polio ilimwacha bila nguvu miguuni, na tangu siku hiyo Florentin ndiye aliyembeba mgongoni: shambani, kisimani, kanisani. Mama yao alikuwa akisema kwamba huyu mvulana hajui kutembea bila mzigo.

Alisoma shule ya msingi Kailo, kisha akaja Kindu kusomea ufundi wa mitambo, akapata diploma mwaka 1986. Mwaka huohuo aliingia karakana ya reli kama fundi wa kukereza vyuma. Huko wazee wa kazi walimfundisha jambo ambalo hakuliacha hadi mwisho: kutafuta ufa usioonekana. Chuma hupakwa mafuta ya taa, hupanguswa kikauke, kisha hupakwa unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka polepole na kujichora juu ya weupe, mstari mwembamba kama unywele. Florentin alipenda kukaa mbele ya chuma chenye chaki na kungoja. Wenzake walimcheka kwamba anangoja chuma kimsalimie.

Tarehe 14 Agosti 1993 alifunga ndoa na Kavugho Joëlle, binti wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Butembo na kufungua duka hapa Kindu. Wakwe walitaka kujua huyu fundi ana nini. Alijibu kwamba ana mashine ya serikali na dada wa kwake mwenyewe, na atakayemchukua yeye atamchukua na dada. Joëlle alikubali. Mungu akawapa watoto watatu: Axel, Daniella na Ornella.

Treni zilipoanza kukosekana, Florentin alihamia kwenye baiskeli. Miaka ile baiskeli ndiyo iliyolisha Kindu. Watu walisukuma magunia ya mchele na mitungi ya mawese kwa siku nyingi, na kilichokufa kwanza ni kitovu cha gurudumu, kile kipande cha katikati ambamo ekseli hupita na beringi hukaa. Florentin alikereza vitovu vya chuma kizito. Mwaka 1998 chuma kizuri kilikwisha, naye akayeyusha sufuria kuukuu na kumwaga vitovu vya alumini. Viling'aa kama fedha. Kimoja alikifunga kwenye baiskeli yake mwenyewe na akajivunia wepesi wake. Hakukipaka chaki. Sufuria ni laini; haikuumbwa kubeba mtu.

Oktoba mwaka huo vita vilipofika mjini, familia ilishika barabara ya Kibombo. Joëlle alimbeba Axel, mtoto wao pekee wakati huo, Florentin alisukuma baiskeli, na Germaine alikaa juu yake. Siku ya pili kitovu kilipasuka. Nyuma yao risasi zilikuwa zinasikika. Mama mmoja mkulima, Aziza, aliyekuwa na nyumba kando ya barabara, alisema, "Muniachie huyu. Mimi sikimbie, niko na muhogo ya kuvuna."

Florentin alipiga magoti mbele ya dada yake. "Nitatafuta kitovu ingine Kibombo. Kesho kutwa niko hapa."

"Enda, yaya," Germaine alimwambia, kama alivyozoea kumwita kaka yake. "Mutoto wako analia."

Barabara ilifungwa nyuma yake. Alijaribu kurudi, akarudishwa. Akajaribu tena, akapigwa. Alimfikia dada yake Aprili mwaka 2000. Alimkuta uani kwa Mama Aziza, amekonda, anatwanga sombe, majani ya muhogo, akiwa ameketi. Germaine alimtazama, akasema, "Umekawia, yaya. Chakula imepoa."

Watu wote walicheka. Florentin hakucheka. Joëlle anasema kwamba mume wake aliirudia sentensi ile usingizini kwa miaka, na kwamba kila alipotaka kuzungumza na Germaine juu ya siku ile, Germaine alibadilisha maneno na kuuliza bei ya uzi.

Amani iliporudi, Germaine alikaa Mikelenge, mtaa wa hapa Kindu, na cherehani yake ya mkono. Parokia ilimpa baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono, na kwa muda mrefu alijiendesha hadi kwenye kwaya, ambako sauti yake nzito inajulikana. Mwaka 2018 mabega yalikataa. Wanakwaya walijitolea kumsukuma. Alikataa. "Mimi sipande tena kitu ya kusukumwa na muntu," alisema, na akaacha kwenda kuimba. Florentin aliyasikia maneno hayo, akajua yanatoka barabara ya Kibombo.

Mwaka uliofuata Axel, aliyekuwa akifanya kazi Goma, alimletea baba yake ubao wa kuteleza wenye mota ya umeme, ulioharibika, alioununua sokoni. Ulikuwa na vigurudumu vidogo vya plastiki vilivyozama kwenye mchanga wetu mara moja. Lakini Florentin aliuzungusha mikononi siku nzima. Kisha akamwendea dada yake na kumwahidi kibao kipana cha kukalia, chenye betri na kiti, na kishikio mkononi cha kukipa mwendo. Hakuna wa kusukuma. Kazi yote ilikuwa kwenye kitovu: kipokee tairi kubwa ya hewa kama ya toroli, kishike beringi bila kulegea, na ubavuni kiwe na meno ya kupokea mkanda wa mota. Hakikuwepo sokoni popote. Alikichora mwenyewe, akakichonga cha mti kwanza, akakimwaga kwa alumini ya pistoni za pikipiki, ambayo ni ngumu, kisha akakikereza.

Vijana wa Goma wenye vibao kama hivyo waliona picha aliyoituma Axel, wakaanza kuagiza. Florentin aliwatengenezea, kila mmoja kwa kipimo cha kibao chake, na vitovu vyake vikaenda mbali. Kibao cha Germaine kilikuwa tayari mwaka 2021, kimepakwa rangi ya buluu. Kilibaki kimetundikwa ukutani. Kila alipotaka kukipeleka, Florentin alifungua magurudumu, akapaka mafuta ya taa, akapaka chaki, akangoja.

"Iko ufa," alisema.

"Baba Axel, mi sione kitu," mke wake alimjibu, akiwa ameinama na taa.

"Mimi naona."

Akayeyusha upya. Jirani yake Mike, mchomeleaji, alimtania mbele ya wateja: "Fundi, vijana wanaruka na vitovu vyako juu ya mawe ya volkano, na dada anataka kwenda misa tu!"

"Wale wakianguka wanasimama," Florentin alijibu, akiendelea kupaka chaki.

Germaine alituma salamu mwanzoni, kisha akaja mwenyewe kwa pikipiki, amekasirika. "Yaya, ile kitu iko tayari?"

"Bado kidogo."

"Kila siku bado. Unaogopa nini?"

Florentin alimpa soda, na walikunywa pamoja chini ya kibao cha buluu bila kukitazama.

Ugonjwa wa figo ulimshika Novemba 2024. Alilazwa mara mbili hapa Kindu. Mwezi Februari, alipokuwa hawezi tena kusimama, aliomba aletewe kitovu kimoja kitandani na kipande cha chaki. Alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, alfajiri, mke wake akiwa amemshika mkono.

Kinachofuata kimeandikwa kwa sababu Germaine ameomba kiandikwe. Alhamisi asubuhi alimwambia Ornella ashushe kile kibao ukutani, ampelekee Mikelenge. Alikaa juu yake, akashika kishikio, akatoka Mikelenge kuja matangani peke yake, watu wakitoka milangoni kumwangalia. Kwenye mteremko wa mwisho kitovu cha nyuma, cha kushoto, kilipasuka. Kibao kiliinama, naye akateleza mchangani. Alichubuka kiwiko. Waendesha pikipiki waliokuwa wakingoja abiria walimbeba yeye na kibao chake hadi uani kwetu, wakamweka kando ya jeneza. Alikuwa ameshika nusu ya kitovu. Aliiweka kifuani pa kaka yake, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Kumbe ni hivi tu, yaya? Ni hii ulikuwa unaniogopea? Angalia, nimefika."

Kisha akaimba, kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba.

Marehemu anaacha mjane, Kavugho Joëlle. Watoto wake Axel, Daniella na Ornella. Mjukuu mmoja, Joël. Na dada yake, Germaine. Axel hayupo nasi leo. Yuko Goma, na njia imefungwa tena. Anatusikiliza kwa simu, kama simu itaruhusu. Mike amefunga kitovu kingine, na Germaine amefika makaburini akijiendesha. Nusu ile iliyopasuka itazikwa na fundi wake.

Pumzika, Florentin. Weka chini chaki. Hakuna tena anayekungoja kando ya barabara.