Nilimwita Wifi Yangu Mchawi, Kumbe ni Upele

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena, maana naona bado mko na baridi ya asubuhi. Mimi naitwa Nafula, Mama Metrine, nauza mboga hapa chini Kabiro, Kawangware, na wengi wenu mmekula sukuma niliyoikata kwa mikono hii. Mchungaji amenipa dakika chache. Nimemwambia hazitatosha, lakini nitajaribu.

Ndugu zangu, nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyomtoa mtoto wangu kwenye upele. Haya, kuna mtu ameguna huko. Upele! Wenzake wanasimama hapa kusema waliponea ajali na moto, na huyu analeta habari za kujikuna. Ngojeni kwanza. Huo upele nusura uharibu mkono wa mtoto wangu, ukanitenganisha na watu wa mume wangu, ukanifanya nitende dhambi humu humu ndani mkinisikia.

Ilianza mwezi wa kwanza, baada ya Krismasi. Wifi yangu Jentrix, Mama Sheila, dada ya Baba Metrine, anaishi Gatwekera kule Kibera na watoto wake watatu. Likizo hiyo watoto wake walikuja kwangu wiki moja, na Metrine wangu, ambaye ana miaka saba, akaenda kwao wiki mbili. Walilala kitanda kimoja, wakavaliana masweta, si mnajua watoto wetu. Halafu kabla shule hazijafunguliwa, mimi na wifi tukakosana. Yalikuwa maneno tu, nani alisema nini juu ya nani huko nyumbani. Akaniambia kwa simu, "Mama Metrine, hicho kiburi chako kitakutoka siku moja." Nikamkatia simu. Wiki haijaisha, Metrine akaanza kujikuna.

Vilianza kama vipele vidogo vidogo katikati ya vidole. Vikashuka kwenye vifundo vya mikono, vikaenda miguuni, pale kando ya nyayo. Mchana anajikuna, usiku ndiyo kabisa, nyumba nzima hatulali. Mimi nikasema ni uchafu. Nikamsugua kwa brashi ya kufulia na sabuni ya kipande mpaka akalia, Mungu anisamehe. Nikanunua krimu kwa mtu anayetembeza kwa kikapu, ikatuliza siku tatu, halafu vipele vikarudi na ndugu zao wote. Nikamvalisha soksi mikononi. Zikagandana na vidonda, kuzivua ikawa ni kilio asubuhi na jioni.

Shuleni wakampa jina. Walimwita Gitaa, kwa sababu ya vile mkono mmoja ulivyokuwa haukomi kukwaruza mwingine. Wakiimba kwenye duara, hakuna mtoto aliyekubali kumshika mkono. Mwalimu akamtengea dawati la peke yake, halafu akaniandikia barua kwamba abaki nyumbani mpaka apone. Sasa nikaanza kukaa naye pale kibandani, amekaa kwenye kreti nyuma yangu, na wateja wakimwona wanasema watarudi. Hawakurudi. Baadaye mimi mwenyewe vidole vikaanza kuniwasha. Nilikuwa najikuna chini ya meza nikijifanya natafuta kisu.

Hapo ndipo nilipoyashika maneno ya ile simu na kuyakoroga kichwani mwangu. Kiburi kitakutoka! Alisema, na wiki haijaisha mtoto akashikwa. Kwa nini mikono? Kwa nini mtoto wa pekee? Nikajijibu mwenyewe, kwa sababu mimi nikishaamua, ushahidi wote nautafuta upande huo. Jumatano ile ya maombi mlikuwepo. Nilimsimamisha Metrine hapa mbele, nikafungua mdomo wangu, nikasema upele huu umetumwa kutoka Gatwekera na aliyeutuma ni wifi yangu Jentrix. Sikusema "kuna mtu fulani." Nilitaja jina! Na nyinyi mkaitikia amina.

Ndugu zangu, sisemi maombi ni mabaya. Nasema nilimpelekea Mungu kesi nikiwa nimeshaiandika hukumu.

Wiki hiyo mkono wa kulia ulivimba. Kati ya kidole gumba na cha shahada kukawa na usaha, na harufu, na mtoto akawa na homa. Mimi mama yake nilianza kumshika kwa kitambaa. Asubuhi moja namnywesha uji, kwa sababu kikombe hawezi kukishika, akaniangalia akaniuliza, "Mum, laana iko kwa mikono tu?" Nikamwambia anywe uji. Akasema, "Kama iko kwa mikono tu, si daktari anaweza kuikata? Nitajifunza kuandika na mguu."

Hasira iliyonipanda, jamani! Nililia, nikafunga kibanda, nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso, miaka saba yote hiyo, maana miguu ilikuwa imepasuka hawezi kuvaa viatu. Nikasema leo naenda Gatwekera. Kama ni yeye aliyefunga, leo atafungua, na asipofungua majirani zake wote watajua mimi ni nani. Nikavuka Ngong Road, nikakata kupitia Ayany, nikateremka. Njia nzima narudia maneno nitakayosema. Yalikuwa mengi na makali, mengine siwezi kuyasema madhabahuni.

Nikafika mlangoni. Wifi alikuwa ameinama juu ya beseni, anamwosha mtoto wake mdogo. Nikavuta pumzi nianze. Halafu nikaona vidole vya yule mtoto. Nikaangalia Sheila amesimama kando ya mlango, anajikuna tumbo, mikono imejaa vile vile vipele nilivyovijua kuliko uso wangu. Wa katikati naye, miguu hivyo hivyo. Wote watatu! Nani huyo anayewaroga watoto wake mwenyewe?

Wifi akainuka, akaniangalia, akamwangalia Metrine mgongoni. Akasema, "Umekuja kuangalia kazi yako?"

"Kazi gani?"

"Watoto wangu walitoka kwako na masweta uliyowapa. Tangu hapo wanajikuna. Mimi nimekuwa nikifunga na kuomba hii kitu urudishiwe huko Kawangware."

Bwana asifiwe! Mimi namwombea yake irudi Gatwekera, yeye anaomba yangu irudi Kawangware, na watoto wanne katikati wanaoza vidole. Sijui Mungu alitutazama na uso gani siku hiyo. Nilianza kucheka na kulia pamoja. Wifi hakucheka. Alifungua leso, akamteremsha Metrine, akaushika ule mkono kwa mikono yake mitupu, akaunusa. Akasema, "Huyu mtoto ana homa. Maneno yetu tutayamalizia njiani." Akafunga mlango, tukaondoka na watoto wote wanne kwenda kituo cha afya, hata beseni hakulimwaga.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, hana haraka. Aliwasha tochi akaangalia katikati ya vidole, kimoja kimoja. Akauliza watoto hawa hulala wapi na nani. Akasema huu ni upele wa kawaida, kuna kadudu kadogo hukaoni kwa macho, kanachimba chini ya ngozi na kutaga mayai, kanapenda sana vidole vya watoto. Kanahama mtu akikaa ngozi kwa ngozi na mwenzake, au wakilala pamoja. Watu wasafi wanapata, watu wachafu wanapata. Ule mkono wa Metrine ulikuwa umeingiwa na uchafu kwa kukwaruzwa, ndiyo maana ukaota usaha, na akasema tungekawia zaidi ungemletea ugonjwa ndani ya mwili. Wifi akauliza, "Sasa nani alimpa mwenzake?" Nesi akazima tochi. Akasema, "Mama, mimi sina dawa ya hilo swali. Nina dawa ya kupaka."

Akatupa dawa ya kunywa ya Metrine kwa ajili ya usaha, na chupa za dawa ya kupaka, nyeupe kama maziwa. Ya watoto akatuonyesha jinsi ya kuichanganya na maji. Halafu akasema neno lililonimaliza. Nyumba zenu mbili zipake siku moja, saa ile ile, kila mtu, anayejikuna na asiyejikuna. Nyumba moja ikipaka na nyingine ikingoja, watoto wakikutana wataambukizana upya na mtarudi hapa. Ndugu zangu, mnaelewa? Mimi na wifi tulikuwa hatusalimiani. Na dawa ilikuwa haifanyi kazi mpaka tusalimiane!

Njia ya kurudi sikuweza kuinua uso. Nikamwambia kila kitu, pamoja na ile Jumatano. Tulipofika kwake aliinua lile beseni mlangoni, akalimwaga. Halafu akasema, "Jumamosi saa kumi. Uwe na maji ya moto ya kutosha."

Jumamosi hiyo nilikuwa na vita. Nilichemsha nguo, shuka, mablanketi, nikaanika ploti nzima kamba zikajaa. Vile visivyofulika nikavifunga kwenye mfuko wa plastiki kama nesi alivyosema. Majirani wakauliza kama tunahama. Nikawaambia hapana, tuna upele, na wewe mwangalie mtoto wako vidole. Wawili waliingia ndani haraka sana. Baba Metrine, fundi wa mjengo, alikuja akasema, "Mimi sijikuni, hiyo ni ya watoto." Nikamwambia, "Utapaka, ama utalala saiti na simiti yako." Akavua shati. Saa kumi kamili wifi akapiga simu. "Mmeanza?" "Tumeanza." Tukaweka simu mezani, tukawa tunasikilizana. Dawa inachoma, siwadanganyi! Watoto wake wanapiga kelele Gatwekera, wangu anapiga Kabiro, na Baba Metrine alipiga kuliko wote. Shingoni mpaka nyayo, katikati ya kila kidole, chini ya kucha. Tukalala nayo.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi huanguka. Wiki ya pili mtoto bado alikuwa anajikuna. Kuna kina mama wa humu, sitawataja, nimeacha kutaja watu, wakaniambia, "Si tulikuambia hii ni ya kutumwa?" Lakini nesi alikuwa ametuonya kwamba mwasho hukawia hata kadudu kakishakufa, tusikate tamaa, tupake tena siku aliyotuandikia. Nikashika hapo. Nikapiga simu Gatwekera, tukapaka tena, saa ile ile, nyumba zote mbili. Wiki ya nne ngozi ilikauka ikabambuka, ikaja mpya. Usaha uliisha. Metrine amerudi shuleni, na juzi nilimwona kwenye duara ameshikwa mkono pande zote mbili, anaimba kwa sauti mbovu kama ya baba yake. Hallelujah! Mpeni Bwana makofi!

Ndugu zangu, Mungu alinijibu. Lakini jibu alikuwa ameliweka Gatwekera, na mimi sikutaka kwenda huko. Alinipa nesi, akanipa dawa, akanipa miguu ya kutembea. Mama unayemficha mtoto wako mikono ndani ya sweta kwenye joto hili, mtegemee huyo Mungu. Omba, halafu inuka uende kliniki, uende na nyumba nzima, na yule mliyekosana naye mpigie simu. Kama unaona aibu, nipitie kibandani, tutaenda pamoja, mimi yangu iliisha.

Sasa kuna jambo moja ambalo dawa ya nesi haikuliondoa. Jina nililolitaja hapa lilitoka nje kabla yangu. Lilifika Kibera, mpaka jirani akamkataza mtoto wake kucheza na Sheila. Nilienda kumwomba wifi msamaha nyumbani kwake. Alinisamehe, akanipikia chai, halafu akaniambia, "Mama Metrine, mimi nimekusamehe. Lakini hukunitaja mbele yangu. Ulinitaja mbele ya watu." Ni haki yake.

Wifi, simama. Ndiyo, wewe mwenye kitambaa cha kijani, simama wakuone. Kanisa, huyu ndiye Jentrix. Hakutuma kitu. Mtoto wangu alipokuwa ananuka usaha, mimi namshika kwa kitambaa, yeye alimshika kwa mikono yake. Nilisema uongo juu yake madhabahuni, na sitaki mtu aondoke leo akiwa bado ameubeba. Jentrix si mchawi.

Mbona mmenyamaza? Jumatano ile mliitikia mpaka mabati yakalia. Narudia: Jentrix si mchawi! Itikieni.